Kwa nini wachezaji hawasomi maelezo yanayoambatana na uwanja wa gofu wa kompyuta?

#1 Hori la Mikindani (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajamvi. Kwa miezi minane nimekuwa nikisanifu uwanja wa gofu wa kompyuta wenye mashimo 18, paa 72 na urefu wa mita 5,980. Nimeubuni kana kwamba umejengwa ufukweni mwa Mikindani, kuanzia chini ya boma la Wajerumani la mwaka 1895 hadi kwenye mashamba ya mikorosho. Uwanja wenyewe haupo duniani, upo kwenye mashine tu. Pamoja nao nimeandika maelezo ya kurasa 14, yenye utangulizi, kadi ya matokeo, ramani ya kila shimo, namna ya kuuingiza uwanja kwenye programu, upepo ninaoupendekeza na historia fupi ya mahali.

Tatizo langu ni shimo la 7. Ni shimo la paa 3, mchezaji anaelekea kusini na anapiga juu ya hori, yaani mkono mdogo wa bahari unaoingia nchi kavu. Ukurasa wa 8 unasema hivi: "Shimo hili lina mita 150. Cheza kwa upepo wa kusi. Lenga mbuyu wa kushoto, usilenge bendera." Nimewapa uwanja huu watu zaidi ya thelathini, na kumi na mmoja kati yao wamenitumia picha za skrini wakilalamika kwamba shimo halichezeki. Katika picha zote kumi na moja mpira umo majini. Je, watu hawa hawasomi, wanasoma wasielewe, au mimi ndiye sijui kuandika?

#2 Korosho Daraja la Kwanza

Mkuu, hongera kwa kazi. Mimi ni mmoja wa hao kumi na mmoja, na naomba niungame kwamba niliishia ukurasa wa 2. Umeandika kwamba "paa ya uwanja ni 72". Mdogo wangu aliyekuwa akisoma nami aliuliza ni nyumba ya namna gani yenye mapaa 72. Nilipomwambia kwamba hapo hazungumziwi nyumba, akadhani ni mbuga ya wanyama. Tulicheka mpaka umeme ukakatika, na uliporudi tulikwenda moja kwa moja uwanjani bila kuyarudia maelezo.

#3 Kedi Mstaafu

Nilibeba mifuko ya wachezaji Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Lindi, kwa hiyo nina haki ya kusema juu ya lugha. Uwanjani sisi tulisema paa, grini (nyasi fupi zenye tundu na bendera), banka (shimo la mchanga) na tii (mahali pa kuanzia kupiga), na hakuna aliyefikiria nyumba wala mnyama. Magazeti yanapoandika habari za gofu husema "mikwaju", na neno hilo linaeleweka kwa kila msomaji. Ungeandika mara moja tu, mwanzoni, kwamba paa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia katika shimo, halafu ungeendelea na neno lako bila wasiwasi. Kosa lako ni kudhani kwamba kila anayefungua mchezo wa kompyuta amewahi kukanyaga nyasi za gofu.

Jambo la pili ni la ukweli. Utangulizi wako unasema gofu lina mashimo 18 kwa sababu chupa moja ya wiski hutoa vipimo 18. Hiyo ni hadithi ya baa. St Andrews, huko Uskoti, walikuwa wakicheza mashimo 22 kwa mzunguko, na mwaka 1764 waliyaunganisha mashimo mafupi manne yakawa mawili. Kwa kuwa yaleyale yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikashuka hadi 18, na viwanja vingine vikaufuata mtindo huo baadaye. Msomaji anayejua jambo hili akikuta wiski kwenye ukurasa wa kwanza, hatakuamini utakapomwambia alenge mbuyu.

#4 Hori la Mikindani

Ahsante, mzee Kedi, na shikamoo. Wiski naiondoa leo. Lakini wale kumi na mmoja hawakuzama kwa sababu ya wiski.

#5 Mama Steshenari

Mimi niko Masasi na nina duka la kuchapisha na kutoa nakala. Mwezi uliopita kijana mmoja alileta flashi yenye maelezo haya ya kurasa 14 na kuomba bei. Nilipomtajia alifikiri kidogo, akaniambia, "Mama, nitolee ile yenye kadi tu." Nilimtolea ukurasa wa 3, akaukunja mara nne, akautia mfukoni na kuondoka. Ukurasa wa 8 ulibaki kwenye flashi.

Maoni yangu ni kwamba watu wanasoma kile wanachokishika mkononi wakati wa kucheza. Wakati huo skrini imeshikwa na mchezo wenyewe, na hakuna anayeusimamisha ili afungue faili jingine. Ukitaka ushauri wa shimo la 7 usomwe, uweke kwenye kadi, kwa mstari mmoja, pembeni mwa namba ya shimo.

#6 Fundi wa Shangani

Dada Mama Steshenari amepata bahati ya kumwona mtu mwenye maelezo. Hapa Shangani tuko saba tunaocheza uwanja huu, na sita kati yetu hatujawahi kuyaona. Tulinakiliana kwa flashi, na aliyetangulia alichukua faili la uwanja peke yake kwa sababu ndilo linalohitajika ili mchezo ufunguke. Faili la maelezo lilibaki kwenye kompyuta yake, na nilipomuuliza aliniambia alidhani ni takataka za programu. Mleta uzi, uliliitaje faili hilo?

#7 Hori la Mikindani

Niliita "nyaraka_toleo_la_mwisho_2".

#8 Fundi wa Shangani

Basi tumsamehe aliyeliacha.

#9 Mwalimu wa Ndanda

Nimeyasoma maelezo yote kwa sababu ya ugonjwa wangu wa kusahihisha, na naomba nitofautiane na waliotangulia. Tatizo halipo kwenye urefu wala kwenye flashi. Ukurasa wa 8 unasema mita 150. Nimefungua mchezo na kukuta kwamba programu inaonyesha umbali kwa yadi, isipokuwa mtu aingie kwenye mipangilio na kuibadilisha. Yadi moja ni mita 0.9144, hivyo mita 150 ni sawa na yadi 164. Mtu aliyeyasoma maelezo yako kwa utii atachagua fimbo ya kufika 150, na programu itamhesabia yadi 150, ambazo ni mita 137 tu. Nimepima kwenye ramani yako nikaona kwamba hori linaishia mita 140 kutoka kwenye tii. Msomaji wako mtiifu anazama mita tatu kabla ya nchi kavu.

Kwa maneno mengine, huenda waliozama ndio waliosoma.

#10 Korosho Daraja la Kwanza

Mwalimu, kwa hiyo mimi niliyeishia ukurasa wa 2 nilizama kwa juhudi zangu mwenyewe?

#11 Nahodha Msimbati

Hesabu ya Mwalimu ni sahihi, ila amesahau upepo, na shimo hili ni la upepo. Mleta uzi ameandika "cheza kwa upepo wa kusi". Sisi wa baharini tunajua kwamba kusi ni upepo unaotoka upande wa kusini, na katika pwani yetu hutokea zaidi kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Mchezaji anayeelekea kusini ataupata usoni kutoka kushoto, na ndiyo maana akaambiwa alenge kushoto ili upepo umrudishie mpira kulia. Hilo limeandikwa na mtu anayeijua bahari.

Mshale wa upepo kwenye programu, hata hivyo, unaonyesha upepo unakokwenda. Mtoto wa mjini akisoma "upepo wa kusi" atauelekeza mshale kusini, na hapo ameuweka upepo mgongoni mwake. Mpira utaruka mbali kuliko alivyokusudia na kuangukia kwenye mikoko iliyo nyuma ya grini, ambako nako ni maji. Nimeijaribu mara nne, na mara zote nne nimeangukia mikokoni.

#12 Mwalimu wa Ndanda

Nahodha, tukichukua maelezo yangu na yako kwa pamoja tunapata jambo la ajabu. Aliyekosea yadi anapungukiwa, na aliyekosea upepo anapitiliza. Mtu aliyefanya makosa yote mawili angepaswa kutua vizuri karibu na bendera. Kwa hiyo ama mmoja wetu amekosea, ama wazamaji wamegawanyika. Mleta uzi atuambie: katika zile picha kumi na moja, mipira iko mbele ya grini au nyuma yake?

#13 Hori la Mikindani

Nimezirudia picha zote usiku huu. Saba wako ndani ya hori, mbele ya grini. Wanne wako mikokoni, nyuma ya grini. Nakiri kwamba niliziona zote kama "majini" na sikuwahi kuzitenganisha.

#14 Mpimaji wa Rondo

Wale wanne wa nyuma hawahitaji upepo. Maelezo yanasema umbali lakini hayasemi mwinuko. Nimepima ndani ya programu nikaona kwamba tii imekaa mita 11 juu ya grini. Mkwaju unaopigwa kuteremka husafiri zaidi kabla ya kugusa ardhi, na mchezaji asiyeambiwa hilo atachukua fimbo kubwa kuliko inayohitajika.

Naomba pia mleta uzi aandike alikoipata sura ya ardhi. Kama alitumia vipimo vya SRTM, vile vilivyochukuliwa kutoka angani na chombo cha Endeavour mwezi Februari 2000, basi ana nukta moja ya mwinuko kila mita 30 hivi. Grini yake ina kina cha mita 18, maana yake inaweza kukaa yote katikati ya nukta mbili bila kupimwa hata mara moja. Miteremko ya grini, mabanka na kingo za hori ni kazi ya mkono wake. Hakuna aibu katika hilo, lakini lisemwe, kwa sababu nimekutana na mtu anayeamini kwamba akicheza uwanja huu ameiona Mikindani kama ilivyo.

#15 Hori la Mikindani

Ndiyo, mkuu, ni SRTM, na mabanka ni ya mkono wangu. Niliona haya kuandika hivyo.

#16 Binti Nachingwea

Samahani kwa kuingia katikati ya wahandisi. Naona kila mmoja anatafuta kosa kwenye maelezo, wakati mimi nadhani kosa liko kwenye shimo. Shimo lililosanifiwa vizuri humwonyesha mchezaji la kufanya kwa macho yake. Kama ni lazima mtu asome ukurasa wa 8 ndipo ajue kwamba asilenge bendera, basi msanifu ameiacha kazi yake kwenye programu na kwenda kuimalizia kwenye karatasi. Sogeza banka, panua upande wa kushoto wa grini, na hutahitaji sentensi hata moja.

#17 Kedi Mstaafu

Binti yangu, unasema kweli kwa nusu. Shimo la 17 la St Andrews limewatesa wachezaji wakubwa kwa miaka mingi, na hakuna anayependekeza lisogezwe. Huko lakini kuna kedi. Mgeni anaposimama kwenye tii, kedi humwambia kwa sauti ya chini alenge wapi, na mgeni hukubali au hukataa kwa hiari yake. Kwenye kompyuta kedi hayupo, na maelezo ndiyo yanayobeba kazi yake. Nami sikuwahi kumpa mchezaji kurasa 14. Nilimwambia, "Bwana, fimbo moja zaidi, na usiuangalie mti." Basi.

#18 Mwalimu wa Ndanda

Shikamoo, mzee Kedi. Ukurasa wa 11 una jambo lako: mleta uzi anasema mpira ukizama kwenye "hatari ya maji" mchezaji ana dakika tano za kuutafuta.

#19 Kedi Mstaafu

Marahaba, Mwalimu. Hayo ni ya zamani. Tangu kanuni zilizoanza mwaka 2019, muda wa kutafuta ni dakika tatu, na sehemu hizo zinaitwa maeneo ya adhabu, yenye vigingi vyekundu au vya njano. Cha kushangaza ni kwamba kwenye kompyuta hakuna anayetafuta mpira, programu inajua ulipo. Sentensi hiyo ingefutwa hata kama ingekuwa sahihi. Kinachohitajika ni kumweleza mchezaji kwamba umeweka vigingi vyekundu, kwa hiyo anaweza kuuangusha mpira pembeni mwa mahali ulipoingilia majini, asidhani ni lazima arudi kwenye tii.

#20 Mkongwe wa Links

Vijana, mmenikumbusha mbali. Mimi nilianza na Links 2003 ya Microsoft, iliyokuja na programu ya kusanifu viwanja yenye jina la Arnold Palmer, bingwa wa gofu wa Marekani. Viwanja tulivyovipata wakati huo vilikuja na faili dogo la maandishi, na tulilisoma kabla ya kucheza, kwa sababu lilikuwa na mambo ambayo tusingeyapata kwingine: aliyesanifu ni nani, miti ameiazima kwa nani, toleo ni la ngapi na limerekebisha nini. Michezo iliyofuata, kama The Golf Club ya mwaka 2014, imeuweka usanifu na ugawaji wa viwanja ndani ya mchezo wenyewe. Mtu anabonyeza na kucheza. Kizazi kilichozoea hivyo hakijui kwamba uwanja unaweza kuja na barua.

Niongeze jambo moja linalonihusu. Uwanja wangu wa kwanza niliupamba kwa mibuyu niliyoikuta kwenye kazi ya msanifu mwingine, na sikumtaja popote. Aliitambua kwa tawi lililovunjika upande mmoja. Aliniandikia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi. Mleta uzi, mibuyu yako umeitoa wapi?

#21 Hori la Mikindani

Mibuyu niliipiga picha mwenyewe Mikindani, mkongwe wangu, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na ndiyo maana vivuli vyake havilingani. Mikorosho ndiyo niliyoazima, kwa ruhusa, na nimemtaja aliyenipa kwenye ukurasa wa 14.

#22 Korosho Daraja la Kwanza

Kuhusu mikorosho nina malalamiko rasmi. Shimo la 12 linapita kati ya mistari ya mikorosho iliyopandwa kama mahindi. Sisi tunapanda kwa mita 12 kwa 12, na hata hivyo matawi hukutana. Halafu mkorosho uliokomaa hulaza matawi hadi chini, mtu mzima huingia kwa kuinama, lakini kwenye uwanja wako mpira wangu ulipita chini ya mti kama unapita chini ya meza. Maelezo yanasema "jihadhari na mikorosho". Nijihadhari na nini?

#23 Hori la Mikindani

Hilo ni kosa la kweli. Programu inautambua mti kwa shina tu, na majani hayazuii kitu. Niliandika onyo hilo kabla sijajaribu.

#24 Binti Nachingwea

Hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Maelezo yameandikwa kuhusu uwanja uliokuwa kichwani mwako, na sisi tunacheza uliomo kwenye kompyuta.

#25 Mpimaji wa Rondo

Ukiwa unarekebisha, angalia shimo la 15 uliloliita Tendaguru. Umeandika kwamba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ilifukuliwa "karibu na Mikindani". Kilima cha Tendaguru kiko mkoa wa Lindi, bara, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Wajerumani walichimba huko mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa iko kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo. Sisi wa Lindi tumeshapoteza mifupa, tusipoteze na kilima.

#26 Nahodha Msimbati

Ongeza pia neno moja kuhusu maji. Umelichora hori wakati wa maji kupwa au wakati wa maji kujaa? Kwenye picha naona fungu la mchanga upande wa kulia, na fungu hilo wakati wa bamvua halionekani kabisa. Mtu wa pwani akiliona atadhani anaweza kuupiga mpira kutoka pale, na programu itamhesabia kuwa amezama.

#27 Hori la Mikindani

Ni maji kupwa, Nahodha. Programu inahesabu chochote kilicho chini ya kiwango nilichoweka kuwa ni maji, hata kama kinaonekana kama mchanga.

Ninawashukuru wote. Nimeandika upya ukurasa wa 8, na sasa unasomeka hivi: "Shimo la 7. Paa 3. Yadi 164 (mita 150). Grini iko chini ya tii kwa mita 11. Upepo unaopendekezwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo mshale uelekee kaskazini-magharibi. Mchanga wa kulia huhesabiwa kuwa maji. Lenga mbuyu wa kushoto." Faili nimeliita "Soma kwanza". Mstari wa mbuyu nimeuweka pia kwenye kadi, kama alivyoshauri dada wa Masasi. Naomba mmoja wenu ajaribu.

#28 Mama Steshenari

Kadi ikibaki ukurasa mmoja, nitawatolea wateja wangu bila kuwauliza.

#29 Fundi wa Shangani

Nimejaribu sasa hivi, na nimesoma kila neno kabla ya kugusa kitu. Nimeweka umbali kwa yadi, nimeelekeza mshale kaskazini-magharibi, nimechagua fimbo moja ndogo zaidi kwa ajili ya mteremko, halafu nikaitazama ramani ya ukurasa wa 8 na kuulenga mbuyu wa kushoto kama unavyoonekana pale. Mpira umepeperuka kulia, umepita fungu la mchanga na kuzama.

#30 Hori la Mikindani

Mbuyu upi, fundi? Ipo miwili, mmoja kila upande wa grini. Na ile ramani nimeichora kaskazini ikiwa juu, kwa hiyo mchezaji anashuka nayo kuelekea chini.

#31 Fundi wa Shangani

Basi nimelenga wa jioni.